Uzoefu wangu: AC baridi Expressway, moto kwenye jamu, nikalipia gesi mara 2 bila faida

Mimi ni dreva wa spesho, yaani teksi ya kukodi, hapa Kampala, abiria wangu wengi ni wa airport Entebbe, na abiria wa airport akishafunga mkanda swali lake la kwanza ni AC iko? Gari yangu ni saloon ya Kijapani ya 2003, nilinunua mkononi mwa mtu, na AC haikuwahi kunisumbua mpaka mwezi wa pili mwaka huu, na jua la Kampala la mwezi wa pili mnalijua. (Mimi ni mtu wa Busia, Kiswahili changu ni cha mpakani, msinicheke.)

Ugonjwa ulianza hivi. Natoka Entebbe naingia Expressway, nalipa elfu 5 zangu, mwendo wa 90, 100, AC baridi mpaka mteja anaomba nipunguze. Natokea Busega, naingia Nateete, jamu, dakika kumi tu matundu ya dashibodi yanatoa hewa ya moto kama mtu anakupumulia usoni. Jamu ikifunguka nikakimbia kidogo baridi inarudi. Na mshale wa temperecha ambao siku zote hulala chini kidogo ya nusu ukawa unapanda kwenye jamu halafu unashuka wenyewe, unapanda, unashuka. Niliuona kabisa lakini sikuunganisha na AC, kichwani mwangu AC ni mambo ya gesi na temperecha ni mambo ya maji, basi. Huo ndio ujinga ulionila pesa.

Garage ya kwanza sitaji jina. Kijana kagusa bomba la AC kwa mkono kasema gesi imeisha, laki moja na ishirini. Hakuweka geji ya presha hata moja. Kajaza mpaka bomba likatoa jasho, kafunga boneti, na kwa vile ilikuwa asubuhi na kaupepo kako hewa ikatoka safi, nikalipa nikaenda. Siku ya tatu niko palepale Nateete, mteja kajishushia kioo mwenyewe bila kuniuliza, dreva wa spesho akiona hivyo anajua tipu imekwenda. Nikarudi, wakasema kuna liki mahali, wakaongeza gesi tena kwa elfu 90. Banange, ikawa mbaya zaidi! Sasa kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, inashika inaachia, tak, tak, kila baada ya muda mfupi, na kupanda kilima gari nzito kama imebeba matofali.

Garage ya pili walisikiliza huo mlio wakasema kompresa imekufa, yuzidi ni laki 9. Laki 9! Na makanika mwingine, huyu ni rafiki yangu kabisa, alitaka kutoa themostati na kunifungia feni dairekti na swichi chini ya usukani ati niwashe mwenyewe nikiingia jamu. Siku nikisahau je? Nikamwambia ahsante ssebo, wacha kwanza.

Dreva mwenzangu wa steji ndio kanipa namba ya fundi wa AC na waya, Mkongo wa Bunia, hana garage, anakufuata ulipo na boda. Tulipatana saa tatu asubuhi, alifika saa tano na nusu, hilo nalisema wazi maana hii ni rivyu na muda wangu ni pesa. Lakini alivyofika hakugusa bomba. Kaniuliza maswali: inakuwa moto ukisimama au ukitembea? Mshale unapanda? Feni unaisikia? Nikamwambia feni huwa naisikia inakurupuka ghafla kwa kelele kubwa halafu inanyamaza. Kacheka.

Kafunga geji zake, ya bluu na nyekundu, tukawasha gari na AC, gari imesimama. Ile nyekundu, upande wa presha kubwa, ikaanza kupanda, 250, 300, ikapita 350, tak, kompresa ikaachia. Ikateremka, ikashika tena, hivyohivyo. Akasema, "Papa, gesi iko mingi, feni ndio haiko." Halafu kaomba maji. Kachukua jeriken ya lita 5, kamwagia taratibu kwenye kondensa, ile rejeta nyembamba ya mbele, na mimi nikiwa ndani nimeweka mkono kwenye tundu la hewa. Sijui nieleze vipi. Ndani ya dakika moja hewa ilibadilika kutoka ya kupumuliwa mpaka baridi ya friji, na huko nje mshale mwekundu ulikuwa unashuka mbele ya macho, kuja karibu na 200. Maji yalipokauka ukapanda tena. Kwa hiyo kompresa nzima, gesi imejaa kupita kiasi, kinachokosekana ni upepo wa kupoza kondensa. Ukiwa Expressway upepo unautengeneza wewe kwa mwendo, ukisimama Nateete ni feni, na feni haipo. Jeriken moja ya maji ilinijibu kitu ambacho laki mbili na elfu 10 hazikujibu.

Sasa hapa ndio patamu. Nikamuuliza, mbona feni zote mbili zife kwa pamoja? Akasema haijakufa zote, imekufa moja. Gari yangu ina feni mbili na relei tatu za feni, yaani vile viswichi vya umeme vinavyojiwasha vyenyewe, na kumbe kwenye spidi ndogo zile feni zimefungwa mfululizo, umeme unapita feni ya kwanza ndio ufike ya pili, kama watu wawili wanapokezana ndoo, mmoja akiachia mikono mwenzake hapokei kitu. Joto au presha ikizidi sana ndio relei zinageuza, kila feni inapewa umeme wake peke yake kwa nguvu yote, na hapo ile nzima inakurupuka, inapoza kidogo, inazimwa. Ndio zile kelele nilizokuwa nasikia, na ndio maana mshale ulikuwa unapanda na kushuka kama unacheza.

Hakukata maneno bila kupima lakini. Kaangalia fyuzi kwa testa, nzima. Kachomoa relei ya honi inayofanana na zile za feni kaibadilisha moja baada ya nyingine, hakuna tofauti. Halafu kachomoa soketi za feni kapeleka umeme moja kwa moja kutoka betri na waya zake mbili. Ya rejeta ikazunguka vizuri. Ya kondensa kimya. Kagonga mgongo wa mota na mpini wa nyundo, tu-tu, ikaamka, ikazunguka kama nusu dakika, ikalala. Kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota, zimeisha, kasema, na alipoifungua zilikuwa zimebaki kama punje ya maharage, na ile shaba ya katikati imeungua nyeusi, hata ukiweka kaboni mpya hazitadumu.

Tukapanda boda wote wawili mpaka Kisekka, kwenye soko la spea. Ushauri wangu kama unaenda Kisekka kununua mota yuzidi, usilipe kabla haijazungushwa na betri mbele yako, na ubebe ile mbovu ufananishe soketi na matundu ya nati, maana watakuapia kwamba zote ni moja. Muuzaji kaanza laki moja na hamsini, tukamalizia elfu 85. Kazi ya fundi elfu 60 pamoja na kupunguza ile gesi ya ziada. Piga hesabu mwenyewe na zile laki 9.

Kitu kimoja alichofanya nilikipenda sana, baada ya kufunga kachana kipande cha gazeti, Bukedde ya jana yake, kakiweka mbele ya grili. Karatasi ikavutwa ikaganda palepale. Akasema waya zikigeuzwa mota inazunguka kinyume, feni inasukuma hewa mbele badala ya kuvuta, na wengi wanafunga hivyo wanaondoka wanafikiri wamemaliza.

Kwa hiyo pointi ngapi? Kwa akili nampa 5 kwa 5. Kwa muda 2. Risiti hana, garantii ni ya mdomo wiki moja, na hiyo mota ya mtumba inaunguruma kuliko ile ya zamani, mteja mmoja kaniuliza kama gari ni dizeli. Lakini ni wiki ya sita sasa, nimekaa Ndeeba saa nzima jioni ya Ijumaa, mshale umelala, hewa baridi.

Ah, na jingine. Kesho yake baada ya ile kazi ya fundi, asubuhi, boda kakatiza mbele yangu, nabonyeza honi, kimya. Nabonyeza tena, kimya, nikabaki kutoa kichwa nje na kupiga kelele kama kondakta. Nikampigia fundi. "Samahani papa, relei ya honi iko kwenye kikebe cha sarafu hapo karibu na gia."