Mchezo wa Redio wa 1938 na Kimya Kinachoaminika

Rekodi ya mchezo wa redio uitwao The War of the Worlds, uliorushwa hewani na shirika la redio la CBS la Marekani usiku wa tarehe 30 Oktoba 1938, ina urefu wa karibu saa moja na hupatikana kwa urahisi kwenye intaneti. Nimeisikiliza mara tatu, na kila mara kilichonishika si viumbe wa sayari ya Mirihi wanaoivamia Dunia bali taarifa ya hali ya hewa inayosomwa mwanzoni kwa sauti ya kawaida kabisa, ikifuatwa na muziki wa dansi kutoka hotelini usio na haraka yoyote.

Howard Koch, aliyeuandika mchezo huu kutokana na riwaya ya H. G. Wells, aliihamisha hadithi kutoka Uingereza hadi kijiji cha Grovers Mill katika jimbo la New Jersey, Marekani, na Orson Welles, wakati huo akiwa na umri wa miaka 23, aliuongoza kana kwamba ni matangazo ya jioni yanayokatizwa na habari za dharura. Sisi tuliokulia kando ya redio ya taifa tunajua maana ya muziki kukatwa ghafla: kabla msomaji hajafungua kinywa, wazee wameshawanyamazisha watoto.

Sehemu iliyonipendeza kuliko zote ni mahojiano na mwenye shamba ambako chombo cha viumbe hao kimeanguka. Mzee huyo anaeleza kwamba alikuwa akisinzia huku anasikiliza redio. Mtangazaji anamkatiza, anamtaka asogee karibu na apaze sauti, naye haelewi mara moja anaambiwa nini. Mazungumzo hayo hayaisogezi hadithi hata hatua moja, lakini ndiyo yanayotufanya tuamini, kwa sababu mtunzi asiye makini angemtilia mkulima kinywani maneno yaliyonyooka. Frank Readick, aliyeigiza mtangazaji, alijiandaa kwa kusikiliza rekodi ya Herbert Morrison akieleza kuungua kwa Hindenburg, puto kubwa la kusafirishia abiria, mwaka 1937, na matunda yake yanasikika: sauti inapanda, maneno yanagongana, halafu kipaza sauti kinakatika. Kimya hicho ni cha sekunde chache tu, ila ukisikiliza gizani utaitazama simu yako kuona kama chaji imekwisha.

Kasoro kubwa ni muda. Mtangazaji anadai kwamba yeye na profesa wa elimu ya nyota anayeandamana naye hadi shambani wametoka mji wa Princeton, mwendo wa maili 11, kwa dakika 10, na baada ya hapo majeshi yanakusanywa, yanapigana na kuangamia katika muda usiotosha kuivisha maharage. Mikwaruzo ya rekodi, kwa upande wake, sikuiona kuwa kero, kwani inalingana na habari zenyewe.

Baada ya mapumziko mtindo wa habari unaachwa, na profesa anabaki akijisimulia peke yake kwa sentensi zilizopangwa vizuri mno, kama mtu asiyeogopa chochote. Mara ya tatu nilizima tangazo la mapumziko lilipokwisha kusomwa.