Beau Is Afraid: Saa Tatu Kasoro Dakika Moja Ndani ya Wasiwasi

Beau Wassermann amemeza kidonge ambacho daktari wake amemsisitizia kwamba hakimezwi ila kwa maji, kisha anafungua bomba na bomba halitoi hata tone. Anatafuta kwenye intaneti na kukuta kwamba wapo waliokufa kwa kosa hilohilo. Anavuka barabara mbio hadi dukani, anafungua chupa na kuyagugumia maji kabla ya kulipa, na sasa anahesabu sarafu mbele ya mwenye duka huku jicho moja likiwa kwenye mlango wa jengo lake, aliouacha wazi kwa sababu funguo zake zimeibwa. Sarafu hazitoshi. Kule mlangoni, watu wa mtaani wanaanza kuingia mmoja mmoja, kisha kwa makundi, na usiku huo mwenye nyumba anakesha nje akiwatazama wageni asiowaalika wakila, wakicheza na kuvunja kila kilicho chake.

Hiyo ni sehemu ya saa ya kwanza ya Beau Is Afraid, filamu ya mwaka 2023 iliyoandikwa na kuongozwa na Ari Aster, Mmarekani aliyekwisha kujijengea jina kwa sinema mbili za kutisha, Hereditary ya mwaka 2018 na Midsommar ya mwaka 2019. Joaquin Phoenix anaigiza mwanamume wa makamo ambaye anatakiwa kufanya jambo moja tu, nalo ni kupanda ndege kwenda kumtembelea mama yake. Safari hiyo inachukua dakika 179, na tangu siku za kwanza iliwagawa watazamaji vibaya sana. Kampuni ya A24 inaelezwa kutumia takriban dola milioni 35 kuitengeneza, na mapato yake ya kumbi za sinema duniani kote yaliishia karibu dola milioni 12. Watazamaji wa Marekani walioulizwa na CinemaScore walipokuwa wakitoka ukumbini waliipa C+, alama ambayo kwa kipimo hicho chenye ukarimu ni sawa na kununa, ilhali mwongozaji mkongwe Martin Scorsese aliisifu hadharani na Phoenix akapendekezwa kuwania tuzo ya Golden Globe.

Kuna maelezo mepesi ya mgawanyiko huo, kwamba walioipenda ni wajuzi na walioichukia hawakuielewa, na mimi siyakubali hata kidogo. Nimeitazama mara mbili, mara ya pili nikiwa na dada yangu sebuleni, na nilipomwangalia nilitambua kwamba aliyekuwa akikasirika ndiye aliyekuwa akiifuata filamu kwa makini zaidi. Alimkaripia Beau kama mtu anayemkaripia mdogo wake: mbona umerudi kuchukua uzi wa kusafishia meno na umeacha funguo mlangoni, mbona unaomba radhi kwa kosa ambalo si lako? Aliyewahi kuishi nyumba moja na mtu mwenye wasiwasi uliopita kiasi anaijua hasira hiyo, kwa maana wasiwasi wa mwingine huchosha, na huchosha zaidi pale unapompenda mwenye nao. Kwa hiyo mtazamaji anayetoka akilalamika kwamba amechoshwa hajakosea njia. Amepokea kile alichotumiwa. Swali la haki ni kama uchovu huo ulihitaji saa tatu.

Jibu langu ni kwamba saa ya kwanza inauhitaji, ya pili inauvumilia, na ya tatu inautumia vibaya. Ubora wa sehemu ya mwanzo unatokana na udogo wa mambo yanayotisha. Jirani anapenyeza vikaratasi chini ya mlango usiku kucha akilalamikia muziki, wakati Beau amelala kimya katika chumba kisichotoa sauti yoyote. Tangazo ukutani linaonya kwamba kuna buibui mwenye sumu ndani ya jengo. Lifti inatoa cheche. Hata mtaa, ambao una maiti barabarani na mtu aliye uchi anayechoma watu visu, unaonyeshwa kama jiji linavyoonekana na mtu anayechungulia dirishani akijipa moyo wa kutoka. Mpigapicha Pawel Pogorzelski anazijaza pembe zote za picha kwa vituko na maandishi ya ukutani, na nusu yake niliiona mara ya pili tu. Nilicheka sana, na ni vyema kusema wazi kwamba hii ni filamu ya kuchekesha, kwa kuwa wengi waliingia wakitarajia kutishwa kama walivyotishwa na zile mbili za awali, na nadhani sehemu ya manung'uniko yao ilianzia hapo.

Kisha simu inapigwa nyumbani kwa mama, anapokea mpeleka vifurushi, na Beau anaambiwa kwamba taa kubwa ya darini imemwangukia mwanamke fulani na kumponda kichwa. Wakili wa familia anaongeza mzigo: marehemu aliagiza asizikwe mpaka mwanawe awepo, na kila saa inayopita ni fedheha juu ya maiti, kwa kuwa desturi ya Wayahudi ni kuzika mapema. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa uzito wa maiti kungojeshwa. Aster anachota hapa katika kisima cha zamani cha utani wa Wayahudi wa Marekani juu ya mama na hatia, lakini neno lililonijia mimi ni radhi. Beau ni mtu aliyeishi maisha yake yote akiomba radhi ya mama asiyekusudia kuitoa, na hilo halihitaji mkalimani.

Sehemu ya kati, ambapo daktari mpasuaji na mkewe wanamuuguza Beau baada ya kumgonga kwa gari lao, ni ndefu kupita haja yake, ingawa Nathan Lane na Amy Ryan wanaicheza kwa bashasha inayotia shaka. Inayofuata, msituni, ndiyo iliyonirudisha. Beau anakuta kikundi cha waigizaji jukwaani na anajiona ndani ya mchezo wao: akilima, akioa, akipotezana na wanawe kwa mafuriko, akizeeka akiwatafuta, katika mandhari ya kuchorwa na ya makaratasi iliyoundwa na Wachile Cristóbal León na Joaquín Cociña. Wanawe wanapompata hatimaye, wanamuuliza swali moja la kawaida: walizaliwaje, ikiwa yeye hajawahi kulala na mwanamke? Ndoto nzima inaporomoka kwa swali hilo.

Ningefurahi kama filamu ingekaribia mwisho wake hapo. Atakayeitazama aruke aya hii na inayofuata, kwani siwezi kueleza lawama yangu bila kufichua mambo. Mama hakufa. Alipanga karibu kila kitu, na hata mazungumzo ya Beau na daktari wake alikuwa akiletewa. Patti LuPone anatoa hotuba ya mama aliyejinyima na kudhulumiwa kwa ukali unaostahili tuzo, lakini ufichuzi wenyewe unaiharibu hesabu. Mitaani kwetu watu husema kwamba wasiwasi ndiyo akili, na saa ya tatu inaukubali msemo huo bila kusita: Beau alikuwa na haki ya kuogopa, maadui walikuwapo kweli. Ugonjwa unageuka kuwa njama. Mtu aliyeogopa chupa ya maji alikuwa karibu nami kuliko huyu anayefuatiliwa na kampuni nzima ya mama yake, na lile dude lililofichwa darini, lenye umbo la uume, ni mzaha ambao ungetosha kwa sekunde kumi.

Hata hivyo mandhari ya mwisho imenifanya nisiihukumu kwa ukali ambao ningeutaka. Beau anaingia kwa boti katika uwanja uliojaa maji na kuzungukwa na watu, anasomewa makosa yake, injini inalipuka na boti inapinduka. Watazamaji wa uwanjani hawapigi kelele wala makofi; wanainuka na kuondoka kimya, huku majina ya waigizaji na mafundi yakipita juu ya boti iliyopinduka. Aster alikwisha kuwaona watakaoinuka ukumbini, akawapiga picha kabla hawajanunua tiketi.

Dada yangu alibaki amekaa mpaka majina yalipokwisha, kisha akauliza kama yule mwenye duka alilipwa sarafu zilizobaki.