Fundi viatu aliyenishonea kitabu, Mwanjelwa

Nafundisha historia sekondari hapa Mbeya. Kitabu ninachokipenda kuliko vyote nilikinunua mtumba, nacho kinaeleza maisha ya Johann Joachim Winckelmann, Mjerumani aliyeweka msingi wa akiolojia ya sanaa ya Wagiriki na Warumi. Mgongo wake ulikuwa umeachia. Nilianza kukipeleka kwenye duka moja la fotokopi, wakapaka gundi. Baada ya wiki mbili kurasa zikadondoka tena.

Mwanafunzi wangu ndiye aliyesema, "Mwalimu, mpelekee fundi viatu."

Fundi huyu anakaa chini ya mwavuli, pembeni ya soko la Mwanjelwa. Alikipokea kwa mikono miwili, akakwangua ile gundi taratibu, kisha akauliza, "Hiki unakisoma au kinakaa kabatini?" Nikamjibu nakisoma kila wiki. "Basi uzi wa nailoni utakata karatasi. Naweka wa pamba, naupaka nta." Moyo wangu ukatulia.

Alipokuwa akitoboa matundu nilimwambia kwamba Winckelmann naye alikuwa mtoto wa fundi viatu, aliyezaliwa Stendal, mji wa Ujerumani, mwaka 1717. Sindano ikasimama. "Sasa ada alilipa nani?" Nikamweleza: kijana aliimba kwaya apate chochote, na alikuwa akimsomea mkuu wa shule yake, mzee ambaye macho yalikuwa yamekwisha. Baadaye naye akawa mwalimu, miaka mitano katika mji wa Seehausen, mchana na watoto, usiku na Kigiriki chake. Roma alifika 1755, na mwaka 1764 akatoa historia ya sanaa ya kale iliyopanga sanamu kwa vipindi na mitindo, wakati wengi walikuwa wakisimulia maisha ya wasanii tu. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Alikosea pia, na wanafunzi wangu huwa nawaambia: alisifu weupe wa marumaru, kumbe Wagiriki walipaka sanamu zao rangi, na nyingi alizoziona zilikuwa nakala za Kirumi. Ugiriki kwenyewe hakukanyaga.

Simulizi yangu ilipofika mji wa Trieste, mwaka 1768, alikouawa Winckelmann kwenye nyumba ya wageni na mtu wa chumba cha jirani, fundi alisema tu, "Pole yake," akaendelea kushona.

Kazi ni imara. Nina mwezi wa nne sasa, hakuna ukurasa uliolegea. Uzi ameuvuta mno katikati, kwa hiyo maneno ya karibu na mgongo yanasomeka kwa kukibana kitabu na kidole gumba. Aliahidi siku moja, zikawa tatu. Nililipa shilingi 7,000, na ningelipa zaidi.

Msichelewe kama mimi. Kurasa mbili za Herculaneum, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano, zilishapotea kabla sijamfikia, na hizo hakuna fundi wa kuzirudisha.