Vijana wa usafi wa mbele ya fremu, Nkuhungu, Dodoma: fagio nawapa nyota tano, mtaro nawapa mbili

Nianze na bei, maana ndiyo ninayoulizwa kila mtu akiwaona vijana wameinama mbele ya fremu yangu. Ni shilingi 8,000 kwa mwezi kwa fremu moja. Hapo unafagiliwa kila asubuhi isipokuwa Jumapili, mtaro unazolewa mchanga mara mbili kwa mwezi, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanakufanyia usafi wote. Mtaro wako ukiwa na mifuniko ya zege, kila mfuniko wanaoufunua ni 5,000 nyingine. Unatuma kwa simu kabla ya tarehe tano.

Mimi ni fundi cherehani, niko Nkuhungu upande wa bondeni. Nashona sare za shule na magauni ya kitenge, na kiuno changu na beleshi walishaachana zamani. Lakini kusafisha si hiari. Mbele ya mlango wako ni juu yako, na bwana afya akipita akakuta uchafu, faini inaandikiwa aliyemo ndani. Mama mwenye nyumba yangu anakaa Kondoa, anapokea kodi yake bila kuuona huo mtaro, wala hakuna anayemfuata kule. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi, hatufungui mpaka saa nne asubuhi. Mambo haya yalishika kasi tangu tarehe 9 Desemba 2015, Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru akatuambia siku ile tushike mafagio. Sina ugomvi na sharti lenyewe. Nakumbuka mji ulivyokuwa.

Sasa huduma. Kwenye kufagia, vijana hawa ni mafundi. Anayejua vumbi la Dodoma, lile la mwezi wa nane na wa tisa upepo ukiamka, anajua kwamba fagio kavu mbele ya duka la nguo ni hasara. Mama niliyekuwa nampa kazi zamani alikuwa anafagia kwa nguvu zote, na mashati meupe ya wanafunzi yaliyotundikwa mlangoni yanageuka rangi ya udongo kabla mzazi hajaja kuchukua. Hawa wananyunyiza maji kwanza. Wana kidumu kilichotobolewa matundu kwenye mfuniko, mmoja anatangulia anamwaga kidogo kidogo, mwenzake anafuata na fagio la chelewa, polepole, anavutia kwake badala ya kurusha mbele. Saa moja kasoro wameshamaliza, na "shikamoo mama" hawasahau. Siku maji ya bomba yanapokatika wanakuja na ya kwao kwenye guta. Hilo sikuliomba, na sikulitegemea kwa bei ile.

Jambo jingine la kuwasifu: mchanga wanaouzoa wanaondoka nao. Wengi wanaojiita watu wa usafi wanatoa mchanga mtaroni, wanaurundika ukingoni, wanapokea hela. Mvua ya kwanza inaurudisha wote ulikotoka. Hawa wanaujaza kwenye salfeti, wanapakia guta, nasikia wanawauzia wanaofyatua tofali. Sawa tu, ilimradi umeondoka.

Kasoro ziko mtaroni. Wanazoa urefu wa fremu yangu, wanaishia pale ukuta wa jirani unapoanza, kama waliopimiwa kwa kamba. Jirani yangu wa chini ana duka la vifaa vya ujenzi. Ili magari yapande mpaka mlangoni, alimwaga zege juu ya mtaro na chini akapitisha bomba ambalo chupa mbili za maji zinatosha kuliziba. Yeye hajajiunga na kikundi. Anafagia mwenyewe mbele, pasafi kabisa, bwana afya akipita hana la kumwandikia, kwa sababu kilichoziba kiko chini ya zege. Mvua za kwetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, na hazinyeshi kwa ustaarabu: zinakaa kimya wiki nzima, kisha zinashuka zote mchana mmoja. Januari maji yalifika kwenye bomba lile, yakakosa njia, yakarudi nyuma yakaingia kwangu. Jora zima la kitambaa cha sketi za bluu lililowa. Mtaro wangu siku hiyo ulikuwa umezolewa, unang'aa.

Nilipomwita kiongozi wao akaja na gambuti zake, akaangalia, akasema, "Mama, pale si pa kwetu, hajalipa." Ni kweli hajalipa. Lakini mimi nimelipia maji yapite, na hayakupita. Walau angeniambia Novemba kwamba hela yangu ya mtaro haina kazi mpaka kwa jirani pafunguliwe. Yeye ndiye anayeinama mle kila mara, analiona bomba. Hilo ndilo lililowaangusha kwenye nyota.

Jioni ile nilimpigia mdogo wangu aliye Minneapolis, Marekani, nilie kidogo. Akacheka. "Dada, na huku tunayo Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ila yetu haina tarehe." Theluji ikiacha kuanguka, mwenye nyumba ya kawaida ana muda wa saa 24 kuiondoa kwenye njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele yake, upana wote, mpaka sakafu ionekane. Wenye maduka na majengo ya wapangaji wengi wanapewa muda wa saa 4 tu za mchana. Ukikaidi, jiji linaleta watu wake, kisha linakuletea bili, na bili inamwendea mwenye jengo (hapo nilimkumbuka mama wa Kondoa). Chicago nao wana lao: theluji ya mchana iwe imeondoka kabla ya saa nne usiku. Kilichonimaliza ni kwamba Minneapolis inawagawia wakazi mchanga bure, wakaumwage njiani watu wasiteleze. Sisi tunalipa utolewe!

Akaniambia na kwao ugonjwa ni ule ule. Barabara ya magari inasafishwa na mitambo ya jiji, ya miguu wameachiwa wenye nyumba. Nyumba tisa zinasafisha, ya kumi mwenyewe kasafiri, na mzee anayetembelea kiti cha magurudumu anaishia pale au anashuka kwenye magari. Ndiyo maana kuna wanaodai jiji libebe na njia za miguu. Rochester, jimbo la New York, wanafanya hivyo: theluji ikizidi, manispaa inapitisha mashine yake, na kila mwenye nyumba anachangia kwenye bili yake ya mwaka kwa kadiri ya urefu wa kiwanja chake kinachogusa barabara. Mwenye kipande kirefu analipa zaidi. Hapo nilinyamaza, nikawa napiga hesabu ya mtaro wetu.

Kwa maoni yangu, sharti la kufagia libaki kwa kila mmoja. Mlango ni wako, uchafu unauona, fagio ni la shilingi chache. Mtaro ni habari nyingine. Mtu mmoja mmoja kulazimishwa azoe kipande chake ni kumtoza faini kwa maji ya mwenzake. Tunalipa ada ya taka kila mwezi. Kwa nini mtaro usilipiwe hivyo hivyo, kwa mita, serikali ya mtaa ikusanye na kikundi kama hiki kipewe mstari mzima, kuanzia juu mpaka karavati la barabara kubwa? Wakati huo mwenye zege na bomba lake dogo atafuatwa na mtaa mzima, si na fundi cherehani mwenye kiuno kibovu.

Niliwauliza vijana kama wanaweza. Wakasema wakipata fremu zote za upande wetu watashusha mpaka 6,000 kila mmoja, na mifuniko bure. Jirani nimemweleza, amesema atafikiri. Anafikiri tangu Februari.

Nimebaki nao. Hapa sokoni hutapata fagio zuri kuliko lao kwa bei hiyo, hasa ukiwa unauza nguo, unga au chochote kisichopatana na vumbi. Risiti hawatoi, kwa hiyo tunza ujumbe wa muamala. Simu ya kiongozi haipatikani mchana. Mtafute asubuhi akiwa kazini. Na kama uko bondeni, kabla hujalipia mtaro, tembea nao mpaka kwa jirani wa chini, mfunue mfuniko mmoja mtazame. Fanya hivyo Oktoba, bado pakavu, kwa sababu Desemba wanaitwa kila mahali na guta lao ni moja.