Urea fosfeti kwenye maji ya chokaa: msimu wangu mmoja Chamwino

Maji ya kisima changu ukiyachemshia birika moja kwa wiki mbili, ndani linaota ukoko mweupe, mgumu kama simenti. Nalima eka moja ya nyanya Chamwino, mkoani Dodoma, na zaidi ya hicho kisima kirefu sina maji mengine. Kwa miaka miwili ukoko huohuo ulikuwa unaota ndani ya mipira ya dripu, ile inayodondoshea kila mche maji kwa tundu lake. Miche ya mwanzo wa mstari inanawiri, ya mwisho inasinyaa kabla ya saa sita mchana, na nikipasua tundu nakuta unga mweupe umeziba njia. Inauma kuona mche umekufa kwa kiu huku pampu inanguruma.

Nilianza na SA (salfeti ya amonia), kwa sababu dukani niliambiwa ni mbolea ya asidi na ingesafisha mipira. Haikusafisha kitu. Bwana shamba ndiye aliyenifungua macho: SA huleta asidi ikishafika udongoni, bakteria wanapoigeuza amonia kuwa naitreti. Ikiwa bado ndani ya mpira haina nguvu ya kuvunja chokaa. DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, ndiyo mbaya kabisa kwa maji kama yangu, maana yenyewe inapandisha pH (kipimo cha asidi: kadiri namba inavyoshuka, asidi inazidi), na fosforasi yake inashikana na kalsiamu ya maji na kuganda mlemle ndani.

Basi msimu uliopita nikanunua urea fosfeti, 17-44-0 (namba za naitrojeni, fosforasi na potasiamu), mfuko wa kilo 25. Ni urea iliyounganishwa na asidi ya fosforiki, lakini ni chengachenga kavu, kwa hiyo hubebi dumu la asidi kwenye bodaboda. Ukiyeyusha gramu 10 kwenye lita moja ya maji safi, pH inashuka chini ya 2. Siku ya kwanza niliweka maji ya kisima kwenye chupa mbili za plastiki, moja nikatia DAP, nyingine urea fosfeti. Baada ya saa moja ya DAP ilikuwa kama maji ya mchele. Ya pili ilitoa mapovu kidogo, kisha ikabaki angavu. Kwa jaribio hilo tu nilijua nimepata.

Ila kabla ya kutia hata kijiko shambani, pima maji. Cheti changu cha maabara kilionyesha pH 7.9 na bikaboneti miligramu 366 kwa lita. Bikaboneti, chumvi ya majini inayomeza asidi, ndiyo inayoamua kipimo, kuliko hata hiyo pH. Nilichukua ndoo yenye lita 10 za maji ya kisima, nikawa natia gramu moja moja na kukoroga mpaka kipimo cha pH kikasoma 5.5. Zilikwenda gramu 8 na nusu, yaani gramu 850 kwa lita 1,000. Maji yako yatataka kipimo chake, usichukue changu.

Hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri. Eka yangu inakunywa kama lita 15,000 kwa siku. Ningetibu maji yote, ningemaliza karibu kilo 13 za mbolea kila siku, nusu ya mfuko! Mbali na hela, fosforasi ingefurika udongoni na kuuzuia mmea usipate zinki na chuma. Hii ni mbolea, haiwezi kugeuzwa dawa ya kutibu maji ya kila siku. Kwa hiyo naitumia mara mbili kwa wiki, kwenye lita 2,000 za mwisho za jioni, ili maji yanayolala kwenye mipira yawe yale yenye asidi. Alfajiri nafungua ncha za mistari, uchafu unatoka. Hiyo ni kilo 3.4 kwa wiki, na sitii fosforasi nyingine yoyote. Mwenye maji ya chokaa nyingi kuliko haya, au anayetaka kutibu kila siku, atafute asidi ya naitriki na mtu anayejua kuishika.

Matokeo niliyapima kwa vikopo 20 chini ya matundu ya mwisho wa mistari. Mipira yangu imeandikwa lita 1.6 kwa saa. Mwanzoni vikopo vingi havikufika lita moja. Baada ya miezi miwili, 14 vilipita lita 1.4. Vinne havikusogea kabisa. Chokaa iliyokwisha kukomaa mbolea hii haiiondoi, na vipande hivyo nilivikata nikaunga vipya. Ukianza na mipira mipya utafaidi zaidi yangu.

Kosa langu kubwa lilikuwa wiki ya tatu. Nilichanganya urea fosfeti na kalsiamu naitreti kwenye ndoo moja ili kuokoa muda. Ndoo iligeuka maziwa, filta ikaziba, nikapoteza siku nzima nikisugua. Sasa kalsiamu ina siku yake, na kati ya hizo mbili nasukuma maji matupu. Viungio vyangu vya shaba kwenye venchuri, kifaa kinachofyonza mbolea kuiingiza kwenye mipira, vimeanza kuliwa, nimeviondoa na kuweka vya plastiki. Ukiwa na tenki la zege usihifadhi humo mchanganyiko mkali, utalila. Vaa glovu na miwani, na usiikutanishe kamwe na klorini ya kusafishia mipira, kwa sababu hewa inayotoka ni sumu.

Kwa nyanya, nitanunua tena. Jirani yangu ana zabibu kwenye maji hayahaya na ameniomba nimpimie ndoo yake. Jumamosi nakwenda na kipimo changu cha pH na mzani wa jikoni.