Nyota 2 zimekuwa 4: supamaketi ya mtandaoni hapa Kampala, kwa masikio ya mtu asiyeona

Jina lao siliweki kwa sababu wamejitahidi kurekebisha na sitaki watukanwe kwa mambo yaliyopita, ila wanaoagiza kwao watawajua tu.

Mimi sioni kabisa. Nyumbani natumia laptopu yenye NVDA, ile programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, nikiwa njiani natumia simu ya Android na TalkBack, inayosoma skrini ya simu kwa sauti. Kutoka Kiwatule mpaka dukani ni boda kwenda na kurudi, alafu nitafute mtu wa kunisomea bei kwenye shelfu, nusu siku imeisha. Kwa hiyo walipoanza delivari nilifurahi kweli.

Oda ya kwanza ilinitoa jasho jamani. Ukurasa wa vyakula, developa alikuwa anaandika kistari, jina la kitu, anashuka mstari, kistari tena, hivo hivo mpaka mwisho. Kwa anayeona hiyo ni listi, kwa NVDA ni maandishi yaliyomwagwa tu, haijui listi inaanzia wapi na inaishia wapi, nashuka na mshale matooke, mchele, maharage, posho, chumvi, na sijui kama vimebaki vitatu au mia mbili. Wewe ukitupa jicho mara moja unajua ukurasa ni mrefu au mfupi, na mimi jicho langu ndo tagi za ul na li, yani alama ndani ya kodi ya ukurasa: ul inasema hapa kuna listi, li inasema hiki ni kitu kimoja ndani yake. Zikiwepo, kabla sijaanza naambiwa hii ni listi ya vitu 14, nikibonyeza herufi L naruka mpaka listi inayofuata, herufi I inanipeleka kitu kimoja kimoja, na kama leo sina haja na sabuni nabonyeza koma natoka nje ya listi nzima. Na sio teknolojia ngeni hizi, ul na li zipo kwenye HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, tangu 1991.

Kilichoniuma zaidi ni bei za delivari. Waliweka safu mbili, kushoto maeneo, kulia pesa. Mimi nikasomewa hivi: Ntinda, Kiwatule, Najjera, Naalya, Kira, alafu 3,000, 4,000, 6,000, 5,000, 8,000. Nikakaa na mkono wazi mezani, dole gumba Ntinda, cha shahada Kiwatule, narudia mara tatu ndo napata ya kwangu, na hata hapo sina uhakika. Kuna tagi ya dl, listi ya majina na maelezo yake, kwa kazi hiyo hiyo, jina linakaa kwenye dt na bei yake kwenye dd, vinasomwa vikifuatana.

Hatua za kulipa kwa Mobile Money nazo, namba zilikuwa picha za duara zisizo na maelezo yoyote. Nikasikia hatua bila namba, sikujua kama nimeruka moja, pesa ikatoka bila namba ya oda na nikapiga simu siku mbili kuitafuta. Wangetumia ol, tagi ya listi yenye namba, ningesikia moja, mbili, tatu, basi. Hapo nikawapa nyota 2.

Sasa niwape haki yao. Dada wa kwenye simu hakunifukuza, akaniunganisha na developa wao. Kijana alikuwa anajua listi ni vile vidoti tu, yani urembo. Nikamrekodia NVDA ikisoma ukurasa wake nikamtumia WhatsApp. Akanyamaza kidogo, akanirudishia sauti: "Kaka, kumbe ndo hivi unasikia?" Nikamwambia ndo hivi, kila siku, na kwenye WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, asome kipengele cha 1.3.1 kuhusu mpangilio wa ukurasa kuwepo ndani ya kodi, ambacho ni daraja A, yani daraja la chini kabisa la lazima. Ndani ya wiki vyakula vyote vikawa kwenye listi za kweli, bei za delivari zimekaa na maeneo yake, hatua za kulipa zina namba. Oda ya juzi nimemaliza kabla chai haijapoa.

Nyota ya tano bado. Kwanza sa hizi ameweka listi kila mahali, hata aya moja ya maelezo ya duka ameifanya listi ya kitu kimoja, naambiwa listi inaanza, listi imeisha, na katikati hamna listi, hizo kelele nazo zinachosha. Listi iwe pale ambapo vitu ni vingi na vinakwenda pamoja. Pili, rafiki yangu mwenye iPhone anasema VoiceOver, msomaji wa skrini wa iPhone, haimtajii listi za bidhaa. Developa ameondoa vidoti kwa CSS, kodi ya kupanga muonekano, kwa kuandika list-style none, na Safari, kivinjari cha iPhone, ikiona hivo mara nyingi inaacha kuihesabu kama listi. Dawa yake ni kuandika role="list" kwenye ul, mstari mmoja tu. Nimeshamtumia. Ijumaa naagiza unga na mafuta, na rafiki yangu ataagiza na simu yake, akitajiwa idadi nitarudi hapa kubadilisha nyota.