Matembezi ya Malindi mjini: nyota nne, na kofia usisahau

Nimefundisha historia sekondari miaka kumi na tisa. Mnara wa Vasco da Gama nimepeleka wanafunzi hata sikumbuki mara ngapi, na hadithi huwa ni ileile: Mreno alikuja, akapokewa, akasimamisha msalaba wake. Jumamosi iliyopita nilimlipa kijana mmoja wa mtaa wa Shela hapa Malindi, mtembeza wageni, shilingi 1,500 anizungushe pamoja na mpwa wangu. Kwake hadithi ilianza na Malindi.

Alituanzisha kwenye makaburi ya nguzo, kando ya Msikiti wa Ijumaa. "Mwalimu," akaniuliza, "mji wako mdogo, jirani yako Mombasa ana nguvu kukushinda. Utafanyaje?" Kisha akatueleza walivyofanya wazee. Mwaka 1415 walimpelekea kaizari wa Uchina twiga. Aprili 1498, Vasco da Gama alipofika akitoka kugombana na Mombasa, walimpa chakula na rubani wa bahari wa kumfikisha Calicut, kule India, kwa pepo za kusi. Walitaka rafiki wa mbali wa kumtisha jirani wa karibu.

Mnarani, upepo ukivuma hata tunapaza sauti, akatusomea upande wa pili wa urafiki huo. Mreno alipoishika Mombasa, mwaka 1593 akaanza kujenga ngome ya Fort Jesus, akahamia huko, na sultani wa Malindi naye akahamia. Mji wetu ukafifia. Mpwa wangu aliuliza kama wazee walikosea. Kijana hakumjibu haraka, alimwacha aitazame bahari kwanza, na kwa hilo nampa heshima kubwa.

Tulipokaa kunywa madafu akaileta hadithi karibu zaidi na siku zetu. Tarehe 16 Desemba 1963 Umoja wa Mataifa uliwapokea Kenya na Zanzibar siku moja. Siku chache tu kabla ya hapo, mwambao huu, Malindi ikiwemo, ulikuwa bado unahesabiwa milki ya Sultani wa Zanzibar! Aprili 1964 Zanzibar ikaungana na Tanganyika, viti viwili vikawa kimoja. Kenya nayo, ikiwa na umri wa miaka tisa, ilipigania na kupata makao makuu ya UNEP, shirika la mazingira, yawe Nairobi mwaka 1972; likawa shirika la kwanza la Umoja wa Mataifa kuwekwa katika nchi changa. Haya nayafundisha kila mwaka, lakini sikuwahi kuyafunga pamoja na yule twiga.

Nyota moja nimeipunguza kwa kuwa alichelewa dakika arobaini, jua likawa kali tayari, na makumbusho tukayapita mbiombio. Nenda na maji.

Nimeshamwekea Jumamosi nyingine, wanafunzi thelathini na wawili. Nimemwambia, mwanangu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe msikitini.